Kasuku mkubwa kwa pesa za majani chai

Bonasi ya majani chai huingia kwenye akaunti mwezi Oktoba, na kwa wiki chache masoko ya Litein, Kapkatet, Sotik na Mulot hubadilika sura. Mabati hupakiwa juu ya magari, ng'ombe wa gredi huhama boma, madeni ya dukani hufutwa. Mkulima wa huku amezoea bonasi inayoachwa mbali na ile ya Kirinyaga au Murang'a, kwa hivyo kila shilingi huwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika. Katikati ya mipango hiyo hutokea mtu, mara nyingi kijana aliyetazama video kwenye simu, akauliza swali ambalo nimelisikia kwa zaidi ya jirani mmoja: nitampata wapi kasuku mkubwa, yule wa kijivu anayeongea, kwa pesa ninayoimudu?

Ni hamu ninayoielewa. Mtoto wa Kenya humjua kasuku kabla hajamwona. Yuko kwenye jalada la daftari la shule, yuko kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ambao ukiisha hugeuka kuwa gorogoro ya kupimia mahindi. Ndege uliyeishi na sura yake tangu darasa la kwanza, ukisikia kwamba anauzwa na kwamba atakuita kwa jina lako, moyo hukimbilia huko.

Jibu langu nalitoa mapema ili mtu asisome akisubiri bei. Kasuku mkubwa wa bei nafuu hapa kwetu hayupo. Anayeuzwa kwa bei nafuu ama ameibwa msituni, ama hayupo kabisa na kinachouzwa ni picha yake. Lakini mazungumzo hayaishii hapo, kwa sababu wapo watu wa kipato kidogo wanaotaka ndege wa kufuga kwa nia njema, na wapo ambao tayari wana kasuku nyumbani, pengine aliyeachwa na mzazi au na mwajiri aliyehama, na hawajui wamlishe nini.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kasuku wa kijivu ana urefu wa sentimita 33 hivi, uzito wa chini kidogo ya nusu kilo, mkia mwekundu na jicho la manjano linalokufuata chumbani. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 40, na wengine hufika 60. Kuhusu akili yake, mwanasayansi Mmarekani Irene Pepperberg alimnunua mmoja katika duka la Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, akafanya naye kazi hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu, rangi na maumbo yapatayo mia moja, alihesabu hadi sita, na aliweza kusema vitu viwili vinafanana kwa lipi au vinatofautiana kwa lipi. Hakuwa anakariri tu. Hilo ndilo jambo ambalo kila anayetaka kununua angelitafakari kwanza: unaleta nyumbani kiumbe kinachofikiri, na kiumbe kinachofikiri huchoka, huchukia, hupenda mtu mmoja na kumkataa mwingine.

Anatoka wapi? Makao yake ni ukanda wa misitu ya mvua, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi kuishia kwetu. Msitu wa Kakamega, ambao kutoka Kericho ni safari ya saa chache kupitia Kisumu, ndio ukingo wa mwisho wa makao hayo upande wa mashariki. Waliosalia Kakamega ni wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Kwa hivyo kasuku wa kijivu anayenong'onezwa sokoni leo, kama hakuzaliwa kwenye kizimba cha mfugaji mwenye karatasi, kwa kawaida ametoka Kongo.

Namna anavyotolewa huko inajulikana. Mtegaji hupanda mti ambao kasuku hulala au hukusanyika, akapaka ulimbo kwenye matawi, akafunga kasuku mwingine hapo awe chambo cha sauti. Kasuku ni ndege wa kundi, mmoja akilia wenzake hushuka. Wananasa kwa miguu na mabawa, manyoya yanang'oka katika kuwabandua. Kisha hukatwa manyoya ya kurukia na kupakiwa kwa makumi kwenye masanduku, wakiwa na kiu na hofu. Makadirio ya watafiti ni kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili hufa kabla hawajafika kwa mnunuzi. Huko Lwiro, katika Kivu Kusini, kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji kimelazimika kuwapokea kasuku pia, maana maafisa wakiwakamata wafanyabiashara hawana pengine pa kuwapeleka ndege wenye mabawa yaliyokatwa.

Tangu miaka ya 1970 zaidi ya kasuku milioni moja wa kijivu walitolewa porini na kuuzwa nje ya nchi zao kwa karatasi halali, bila kuhesabu magendo. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992. Mwaka huohuo, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zilipiga kura kumwingiza katika orodha ya kwanza, ile yenye ulinzi mkali kuliko zote, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Kwa Mkenya maana yake ni nzito. Sheria yetu ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawaweka wanyama wa orodha hiyo katika kundi la makosa makubwa. Kumiliki mmoja bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori Nchini (KWS) ni kosa hata kama hukumtega wewe, na adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi, kifungo cha miaka, au vyote viwili. Mkulima mwenye ekari moja ya chai hawezi kulipa faini hiyo hata akiuza shamba. Hakimu naye hatakuwa na nafasi ya kusikiliza kwamba ulimnunua kwa huruma barabarani. Tena huruma hiyo, ukimpa muuzaji pesa, ndiyo inayomrudisha mtegaji mtini.

Yupo kasuku wa kijivu halali. Huyo amezaliwa kizimbani kwa mfugaji aliyesajiliwa, na nchi inayosifika kwa kuwazalisha na kuwauza nje ni Afrika Kusini. Huja na kibali cha CITES cha kutoka alikotoka na cha kuingia huku, cheti cha daktari wa mifugo, na pete mguuni. Itazame hiyo pete kwa makini. Ni duara lililozibika, halina pa kufungulia, kwa sababu alivishwa akiwa kifaranga cha siku chache mguu ukingali mwembamba. Pete yenye mwanya inaweza kubanwa kwenye mguu wa ndege yeyote wa umri wowote, kwa hivyo haithibitishi kwamba alizaliwa kizimbani. Ukijumlisha vibali, usafiri na bei ya ndege mwenyewe, hii si pesa ya bonasi ya mtu wa kawaida wa Konoin au Bureti. Ni bora kujua hivyo tangu mwanzo.

Wa bei nafuu wanaobaki ni wale wa mtandaoni. Tangazo lina picha safi, kasuku ameketi begani mwa mtoto, bei iko chini ajabu. Muuzaji yuko mji mwingine, hataki kukutana, anataka nusu kwa M-Pesa ili ndege apakiwe kwenye basi la usiku. Ukituma nusu, kunatokea ada ya kizimba cha safari, halafu ada ya chanjo, halafu simu haishikwi. Aliyeliwa namna hii hathubutu kwenda polisi, kwa sababu alichojaribu kununua nacho ni kosa. Matapeli wanalijua hilo vizuri.

Wapo pia wanaouza vifaranga ambao hawajaacha kulishwa, kwa bei pungufu, na maneno kwamba ukimlisha mwenyewe atakuzoea zaidi. Kifaranga wa kasuku hulishwa uji wa joto maalumu kwa bomba, mara kadhaa kutwa, na tone likipotea njia likaingia kwenye mapafu anakufa. Si kazi ya kujifunzia kwenye video.

Sasa tuseme ndege yupo tayari, kwa njia halali, au umerithi jukumu hilo na umekwenda ofisi ya KWS ya kaunti kuliweka wazi, jambo ambalo ningeshauri lifanywe kabla ya mengine yote. Gharama ndiyo kwanza inaanza. Weka shilingi 50 tu za chakula kwa siku. Kwa mwaka ni 18,250. Kwa miaka 40 ni 730,000, na hapo hujajenga kizimba, hujamwita daktari, bei hazijapanda. Ng'ombe hula zaidi ya hapo lakini hukulipa kila asubuhi kwa maziwa. Kasuku hukulipa kwa urafiki, na urafiki hauendi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Hata hivyo, kwa upande wa chakula nchi ya chai ni mahali pazuri. Watu wengi huwapa kasuku alizeti na karanga tupu, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa na ndege anavipenda. Ni mafuta mengi mno. Kasuku wa kijivu hasa huumia kwa kukosa vitamini A na kalisi: manyoya hufifia, pua huziba, na akipungukiwa sana na kalisi huanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Dawa ya hayo iko shambani. Boga lililoiva la njano, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, sukuma wiki na mchicha vilivyooshwa, papai, pilipili hoho, mahindi mabichi kwenye gunzi lake. Pilipili kali pia hula bila tabu, maana ndege hawasikii ukali wake. Maharagwe yaliyochemshwa yakaiva kabisa, bila chumvi wala mafuta. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, humpa kalisi. Mtu mwenye bustani nyuma ya jikoni anaweza kumlisha vizuri kuliko tajiri wa mjini anayenunua mifuko ya mbegu.

Lakini bustani hiyohiyo ina sumu yake. Parachichi, zao ambalo wakulima wengi wa Bomet na Kericho wamelipanda wakitafuta mwenzi wa chai, huua kasuku. Tunda, jani na ganda, vyote vibaya, na hata kipande kidogo kinaweza kuusimamisha moyo wake. Katika nyumba ambayo parachichi hukatwa mezani kila mchana na watoto hupenda kugawa, hatari hii ni ya kila siku. Chai nayo asipewe, hata iwe ya maziwa. Kafeini iliyomo humwendesha moyo vibaya. Chokoleti vilevile.

Hewa ni jambo jingine, na hapa ndipo nyumba nyingi zetu hazimfai ndege huyu kabisa. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na moshi unaotukohoza sisi humwua yeye polepole. Jikoni penye kuni za mkaratusi, au chumbani penye jiko la makaa lililoingizwa usiku wa Julai kwa ajili ya baridi, hapakaliki na kasuku. Sufuria zile zisizoshika chakula zikiachwa motoni zikaungua hutoa mvuke usio na harufu kali kwa binadamu, na kasuku aliye chumba cha pili huanguka akafa kwa dakika chache. Kericho iko mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya mwaka mzima na mvua yake ya mawe inajulikana. Ndege anaweza kuizoea baridi akiwa mkavu na asipopigwa na upepo, lakini anahitaji chumba ambacho hakina moshi na hakina unyevu. Katika nyumba za kambi za mashamba makubwa, ambako chumba kimoja ni jiko, sebule na malazi, sioni namna. Na ukuta ule wa kati ni mwembamba. Kasuku hupiga kelele alfajiri na magharibi, ndivyo alivyoumbwa kuwaita wenzake, na jirani aliyetoka zamu ya usiku kiwandani hatavumilia mwaka mzima.

Kizimba fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza kwa bei ya chini sana kuliko cha dukani, na kikawa kikubwa zaidi. Kipimo cha chini kabisa ni ndege aweze kunyoosha mabawa yote mawili na kupiga bila kugusa pembeni. Angalizo ni moja: waya wa kuku, ule unaong'aa, umepakwa zinki, na kasuku hutumia mdomo kama mkono wa tatu. Atautafuna, zinki itaingia tumboni, na sumu hiyo huua bila dalili zinazoeleweka mapema. Mwambie fundi atumie nondo nyembamba za chuma kitupu, zisipakwe rangi ya mafuta, na viungo vya kuchomelea visuguliwe viwe laini. Vitulio viwe matawi halisi yenye unene tofautitofauti, si fimbo ya duara ya kipimo kimoja inayomtoboa nyayo. Matawi ya mkaratusi yanafaa, na huku hayanunuliwi. Magunzi makavu, vipande vya mbao visivyo na dawa, na kamba ya katani iliyofungwa mafundo ni michezo ya kutosha kwa wiki, kisha badilisha. Asipokuwa na cha kuharibu, atajiharibu mwenyewe.

Naweza kuelezea hali hiyo kwa sababu ukiiona hutaisahau. Kasuku mpweke huanza kwa kung'oa nyoya moja la kifuani. Analishika kwa mguu, analipitisha mdomoni, analiachia lidondoke, anatazama linavyoanguka. Baada ya dakika moja ananyofoa jingine. Miezi ikipita kifua chote kinabaki ngozi ya waridi yenye vipele, huku kichwa, ambacho mdomo haukifikii, kikiwa na manyoya yote mazuri ya kijivu. Hana ugonjwa, au mara nyingi hana. Anakosa mtu. Ndege wa kundi aliyefungiwa peke yake wakati baba yuko shambani, mama yuko sokoni na watoto wako shule ya bweni, hana lingine la kufanya na akili yake.

Na daktari? Madaktari wa mifugo wa kaunti zetu ni hodari kwa ng'ombe, na wauzaji wa maduka ya agroveti watakupa dawa ya kuku bila kusita. Kipimo cha kuku si kipimo cha kasuku. Daktari mwenye uzoefu wa ndege wa aina hii kwa kawaida utamtafuta Nairobi, na ndege huficha ugonjwa hadi siku za mwisho, kwa hivyo nauli hiyo inabidi iwe imewekwa kando kabla. Yapo pia maradhi anayoweza kuwaambukiza watu, hasa homa ya kasuku inayoshika mapafu, ambayo mwaka 1929 na 1930 ilienea katika nchi nyingi kupitia ndege waliouzwa majumbani. Ndege wa magendo, aliyebanwa sandukuni na wenzake wagonjwa, ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kwa mtu anayetaka tu ndege mwenye haiba nyumbani, wapo kasuku wadogo wenye asili ya Australia waliozalishwa vizimbani kwa vizazi vingi, wale wa rangi ya kijani au buluu wanaotosha kiganjani, na wale wenye kishungi na mashavu ya chungwa. Hula kidogo, hukaa wawili wawili, huishi miaka inayohesabika, na ukiwa na subira hupiga mluzi wa wimbo. Uliza KWS kabla ya kununua, upate stakabadhi kutoka kwa mfugaji, na usiwaachie huru ukichoka nao. Kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha chungwa wanaoonekana Naivasha ni uzao wa ndege wa vizimba waliotoroka. Asili yao ni Tanzania, nao sasa wanagombania mashimo ya miti na ndege wenyeji.

Kuna kasuku mwingine ambaye nashangaa jinsi watu wetu wengi wanavyoishi naye bila kumjua. Ni wa kijani kibichi, mwenye paji la uso la rangi ya chungwa iliyokolea, na rangi hiyohiyo kwenye mabega na mapajani, na ukubwa wa karibu sentimita 28. Ni wa misitu ya milimani: Mau, Aberdare, Mlima Kenya, hadi kaskazini mwa Tanzania. Hula mbegu za podo na matunda ya mzeituni wa porini. Asubuhi hutoka walikolala, wawili wawili au kikundi kidogo, wakapita juu sana wakipiga kelele za mkwaruzo, na jioni hurudi. Mahali pa kuwatazamia ni ukingo wa Mau Kusini Magharibi, pale ambapo ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa kuanzia mwaka 1986 ili kutenganisha mashamba na msitu, unakutana na miti mirefu. Mabonde ya chai hayazuii macho. Simama hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usikilize kwanza, kisha tazama juu. Haihitaji kibali wala bonasi. Kumtega, hata mmoja, ni kosa kisheria kama yule wa Kongo.

Shida yake ni nyumba. Hutaga katika mashimo ya miti mikubwa iliyozeeka, na kikosi kazi cha serikali kuhusu Mau kilikadiria mwaka 2009 kwamba msitu huo ulikuwa umepoteza yapata hekta 107,000, karibu robo yake, katika miongo miwili hivi. Podo ilikuwa miongoni mwa miti ya kwanza kukatwa, kwa sababu mbao zake ni nzuri. Baadhi ya vyama vya jamii vya misitu vina vitalu vya miche ya kiasili, na vituo vya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) vinaweza kukuelekeza. Podo hukua taratibu na hustahimili baridi yetu. Ipande mpakani mwa shamba, mbali na mistari ya chai ili kivuli kisiipunguzie mavuno, na uizungushie miiba miaka ya mwanzo kwa sababu ya mbuzi. Dume na jike ni miti tofauti, kwa hivyo mmoja peke yake hautatoa mbegu. Panda kadhaa.